Avoka mwenye jicho la msanii: kutoka ngonjera hadi mahakama ya jukwaani Bukavu

Kwa watu wengi wa Munigi, avoka ni mtu wa toga nyeusi, mafaili na Kifaransa kizito. Msanii ni mtu wa ngoma, michezo ya kuigiza na picha za ukutani. Watu hawa wawili huonekana kama jirani ambao hawasalimiani. Kumbe katika Afrika Mashariki, na hapa kwetu Kivu pia, kuna wanasheria waliobeba sanaa na kuingia nayo kwenye kazi yao, na kuna wasanii walioita mawakili wapande jukwaani. Makala hii inaeleza walichofanya, kilichosaidia, na mahali ambapo sanaa ilifika mwisho wa nguvu zake.

Jambo hili linaigusa Munigi kwa sababu iliyo wazi. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka, mapasuko yakashuka hadi Munigi na moto wa Nyiragongo ukaingia katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene. Mahali lava imepita, jiwe la mpaka halionekani tena, mti wa mpaka umeungua, na njia iliyotenganisha mashamba mawili imezikwa. Watu wakianza kugombania kiwanja, vinavyobaki ni vitu vitatu: maneno ya wanaokumbuka, karatasi iliyookolewa, na picha iliyopigwa zamani. Kujua kusikiliza maneno, kusoma karatasi na kuangalia picha ni kazi ya avoka. Msanii naye amejifunza vitu hivyohivyo kwa njia nyingine.

Avoka ni nani kisheria

Katika Kongo, kazi ya avoka inasimamiwa na sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Mtu husoma sheria chuoni, anakula kiapo, anafanya mazoezi miaka miwili chini ya avoka mkubwa, ndipo jina lake linaandikwa kwenye orodha ya chama cha mawakili, yaani baro. Sheria hiyohiyo inawatambua pia watetezi wa mahakama, wanaoitwa défenseurs judiciaires, ambao husimama mbele ya mahakama za chini.

Sheria hiyo haimkatazi mtu kuwa ametokea kwenye muziki, uchoraji au ushairi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua. Kifungu cha 20 kinasema kesi zisikilizwe hadharani, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunahatarisha usalama wa umma au maadili. Neno hilo «hadharani» ndilo linaloikaribisha sanaa. Penye hadhara pana watu wanaoangalia, pana mtu anayesema, na pana namna ya kupanga mahali ili maneno yasikike.

Hakimu aliyetunga ngonjera

Mfano mmoja wa zamani kwa wasomaji wa Kiswahili ni Mathias Mnyampala wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1917 sehemu za Dodoma, katika nchi ya Wagogo, akafariki mwaka 1969. Alifanya kazi ya ualimu, kisha ya ukarani, hatimaye akakaa kwenye kiti cha hakimu. Muda wote huo alikuwa mshairi. Aliandika pia historia, mila na desturi za Wagogo, na aliongoza chama cha washairi kilichoitwa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Mnyampala anakumbukwa zaidi kwa ngonjera. Hii ni tungo ya kusemwa mbele ya watu, na wasemaji wake ni wawili au zaidi. Mmoja anashika upande wake, mwingine anampinga. Wanajibizana ubeti kwa ubeti, kila mmoja akileta sababu zake, mpaka mwisho wanapatana au mmoja anakubali kwamba ameshindwa kwa hoja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera zilienea Tanzania nzima: shuleni, kwenye mikutano na kwenye sherehe. Vitabu vyake vya *Ngonjera za Ukuta* vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye akiwa amekwisha kufa.

Anayejua chumba cha mahakama ataona undugu mara moja. Mlalamikaji anasema, mlalamikiwa anajibu, wasikilizaji wamekaa kimya, na mwisho kuna neno la kufunga. Tofauti iko kwenye mwisho wenyewe. Ngonjera inataka yule aliyeshindwa akubali kwa moyo, mbele ya watu. Hukumu ya mahakama haimuombi mtu akubali, inamuamuru. Wazee wa hapa kwetu wanaosuluhisha mambo ya shamba wanaijua tofauti hiyo. Jirani aliyeamriwa bila kushawishika anaweza kurudi kesho na panga lake kwenye mpaka uleule.

Nairobi nako kulikuwa na Pheroze Nowrojee, wakili mkubwa wa Kenya aliyefariki mwaka 2025. Alitetea watu katika kesi nzito za kisiasa wakati wa utawala wa Moi, na alikuwa mshairi na mwandishi wa vitabu vya historia. Miongoni mwa vitabu hivyo kimo kile kinachoeleza maisha ya Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka 1965. Kwa wakili wa aina hiyo, kuandika ni sehemu ya utetezi. Kesi inaweza kushindwa mahakamani leo, lakini kisa kilichoandikwa vizuri kinabaki kwa watoto na wajukuu, nao wataamua wenyewe nani alikuwa na haki.

Bukavu, Mei 2015: avoka anapanda jukwaani

Katika Kivu, mkutano mkubwa wa sanaa na sheria ulifanyika Bukavu kuanzia tarehe 29 hadi 31 Mei 2015, katika shule ya Alfajiri. Uliitwa Mahakama ya Kongo. Aliyeupanga ni Milo Rau, mtengeneza michezo ya kuigiza kutoka Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1977. Kabla ya hapo alikuwa amefanya mchezo *Hate Radio*, unaoonyesha studio ya radio RTLM ya Rwanda wakati wa mauaji ya 1994. Mwaka 2013 alifanya kesi za jukwaani Moscow na Zurich, akitumia mawakili wa kweli.

Wazo la mahakama ya aina hii halikuanza naye. Mwaka 1966, mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell aliitisha mahakama ya raia juu ya vita vya Vietnam, vikao vikafanyika Stockholm na Roskilde mwaka 1967. Jean-Paul Sartre, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Ufaransa, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mahakama hiyo haikuwa na polisi wala gereza. Kazi yake ilikuwa kukusanya ushahidi na kuutangaza.

Bukavu walifanya vivyo hivyo, na jambo moja lililowashangaza waliokuja wakitarajia mchezo ni kwamba hakuna aliyeigiza. Mchimbaji alikuwa mchimbaji, mjane alikuwa mjane, waziri wa jimbo alikuwa waziri wa jimbo. Kila mtu alisema kwa jina lake na kwa maneno yake. Kiti cha mwenyekiti alikalia Jean-Louis Gilissen, avoka wa Ubelgiji aliyefanya kazi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI. Kazi ya uchunguzi, yaani kuuliza na kukamua majibu, ilishikwa na Sylvestre Bisimwa, avoka wa Bukavu. Mwezi uliofuata, tarehe 26 hadi 28 Juni, vikao viliendelea Berlin, Ujerumani, kuangalia upande wa kampuni za kigeni, Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Mataifa. Filamu iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 2017.

Kesi tatu zilizosikilizwa

*Bisie.* Huu ni mgodi wa kasiteriti katika teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini. Kwa miaka mingi maelfu ya wachimbaji wa mikono waliishi kwa mgodi huo, na makundi yenye silaha pamoja na wanajeshi walikula humohumo. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazidai kampuni zieleze kama madini yao yametoka kwenye maeneo ya vita ya Kongo na jirani zake. Septemba mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Baadaye Bisie ikaingia mikononi mwa kampuni yenye kibali cha viwanda. Swali lililoletwa mbele ya mahakama: nani alimlinda mchimbaji aliyepoteza riziki yake kwa jina la kumlinda?

*Twangiza.* Huu ni mgodi wa dhahabu wa Luhwindja, Kivu Kusini, uliofunguliwa na kampuni ya Kanada, Banro. Familia zilihamishwa kutoka kwenye ardhi yao, nyingine zikapelekwa Cinjira, juu kwenye mlima wenye baridi na mteremko mkali. Swali lilihusu malipo ya ardhi, maji, na ahadi zilizotolewa kabla ya watu kuhama.

*Mutarule.* Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wakiwa kwenye ibada. Kituo cha MONUSCO kilikuwa umbali wa kilomita 9 hivi. Swali lilikuwa fupi: simu zilipopigwa, ju ya nini hakuna aliyekuja?

Jukwaa liliipa sheria nini

Kwanza, liliweka pande zote kwenye chumba kimoja. Katika kesi za kawaida za Kivu, mchimbaji wa Bisie hawezi kumuuliza waziri wa madini swali akiwa uso kwa uso. Hana pesa ya safari, hana faili kwenye parke, na hajui aanzie mlango gani. Jukwaa liliondoa milango hiyo kwa siku tatu. Kiongozi aliyezoea kusema peke yake kwenye mkutano alikaa kwenye kiti cha shahidi, akajibu huku aliowatawala wakimsikiliza.

Pili, lilipanga kisa. Mambo ya Kivu yakielezwa yote pamoja yanamchosha msikilizaji: makundi mengi yenye silaha, majina mengi, tarehe nyingi, mpaka mtu anasema «mambo ya Kongo ni magumu» na kuzima radio. Mtu wa tamthilia anajua kwamba watazamaji hawabebi visa 100 kwa wakati mmoja. Alichagua vitatu, kila kimoja kikiwa na mahali pake, watu wake na swali lake. Avoka mzuri hufanya vilevile kwenye hoja zake za maandishi. Anachagua tukio linalobeba kesi nzima, anaanza nalo, halafu mengine yanalifuata.

Tatu, lilitoa heshima ya kusikilizwa. Shahidi hakukatizwa ovyo, hakuchekwa kwa Kifaransa chake, hakuambiwa aje wiki ijayo. Kwa mtu aliyezunguka ofisi miaka mitano akiambiwa faili lake limepotea, kusema mpaka mwisho mbele ya watu walionyamaza ni jambo ambalo hajawahi kulipata.

Sasa, ile mahakama ilifunga nani?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mtu wa Munigi angeuliza, na jibu ni fupi: haikufunga mtu. Uamuzi wake haukuwa na nguvu ya sheria. Hakuna shamba la Luhwindja lililorudishwa kwa amri yake, wala mjane wa Mutarule aliyelipwa fidia kwa sababu yake. Mawaziri wawili wa jimbo la Kivu Kusini, wa mambo ya ndani na wa madini, waliondolewa kazini baada ya vikao, na waandaaji huhesabu jambo hilo kuwa matunda ya kazi yao. Lakini kumwondoa waziri si sawa na kumshitaki.

Kuna lawama nyingine zinazostahili kupimwa. Mpangaji alikuwa mgeni, na filamu ilitazamwa Ulaya na watu wasiolala wakisikia risasi. Shahidi aliyesema ukweli Bukavu alirudi kijijini kwake kulekule, akawakuta aliowataja bado wana silaha. Jukwaa lina pazia la kufunga. Maisha ya shahidi hayana. Kwa hiyo avoka anayetumia njia ya sanaa ana deni zito: kabla ya kumpa mtu kipaza sauti, ajiulize nani atamlinda baada ya taa kuzimwa.

Hata hivyo, kazi hiyo haikuisha bure. Ilionyesha kwamba mawakili wa Kongo, wakipewa chumba na muda, wanaweza kuuliza maswali ambayo mahakama rasmi haikuwa imeyauliza. Mwaka 2020 njia hiyohiyo ilitumiwa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, juu ya migodi ya shaba na kobalti.

Upangaji wa chumba katika mahakama rasmi

Mahakama za kweli za Kivu nazo zimejifunza, wakati mwingine kwa uchungu, kwamba namna ya kupanga chumba inaweza kuamua kesi.

Novemba 2012 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na wanajeshi wa Serikali waliokimbia walifanya ubakaji na unyang'anyi Minova. Kesi ilifunguliwa Goma Novemba 2013 mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, ikiwa na washitakiwa 39. Februari 2014 mahakama ilikwenda Minova yenyewe kuwasikiliza waathirika. Wanawake walisema wakiwa wamefunika nyuso zao. Hukumu ilitolewa tarehe 5 Mei 2014: wawili tu ndio walioonekana na hatia ya ubakaji, na mahakama ya aina hiyo haikuwa na rufaa. Wanawake wale walijitokeza na kusema. Kilichopungua ni ushahidi wa kuunganisha maneno yao na majina ya waliotenda na ya wakubwa wao.

Miaka michache baadaye, Goma ilishuhudia kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi la Nduma Defense of Congo la Walikale. Alikuwa akitafutwa kwa ajili ya ubakaji wa watu wasiopungua 387 katika vijiji 13, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010. Alijisalimisha mwaka 2017, kesi ikaanza Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kati ya tendo na hukumu ilipita zaidi ya miaka kumi. Shahidi anayesubiri miaka kumi anahitaji mtu aliyeandika maneno yake vizuri siku ya kwanza, kabla kumbukumbu haijachakaa.

Hapo ndipo sikio la msanii linamsaidia avoka. Mtunzi wa hadithi anajua kwamba mtu aliyeumia hasimulii kwa mstari ulionyooka. Anaanza katikati, anarudi nyuma, ananyamaza, anataja sufuria iliyokuwa jikoni kabla ya kutaja bunduki. Karani mwenye haraka hukata mambo ya sufuria akiona ni maneno ya pembeni. Anayejua kusikiliza huyaacha, kwa sababu sufuria ile inaweza kueleza saa, mahali, na nani alikuwa ndani ya nyumba. Ila kuna mpaka usiovukwa: avoka hampi shahidi maneno, na hamfundishi kulia. Siku juji akigundua kwamba kisa kimepambwa, kesi nzima huanguka, na wanaoumia ni walewale waliosema kweli.

Picha kama shahidi

Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu viongozi wawili wa kundi lenye silaha kifungo cha maisha kwa matendo ya mwaka 2012 katika teritwari ya Kalehe. Katika kesi hiyo zilitumika picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness. Programu hiyo hurekodi saa na mahali picha ilipopigwa, na huonyesha kama kuna mtu aliyeigusa baadaye. Hapo picha inaacha kuwa ukumbusho, inakuwa shahidi anayeweza kuhojiwa.

Katika sheria ya Kongo, ushahidi wa jinai uko huru, yaani juji anaweza kupokea picha, video au sauti, kisha anaipima kwa dhamiri yake. Picha mbaya haikataliwi kwa sababu ni mbaya. Inapewa uzito mdogo. Mpiga picha mwenye ujuzi anaelewa mambo haya bila kufundishwa na avoka:

- Piga kwanza picha pana inayoonyesha mahali pote, na kitu kisichohama: kilima, kanisa, nguzo ya umeme, au Nyiragongo yenyewe kwa nyuma. Kisha sogea karibu, halafu karibu kabisa.
- Weka kitu cha kupimia kando ya unachopiga, kama kalamu, kiberiti au hatua ya mguu.
- Usitie rangi, usikate, usiandike juu ya picha. Kama unataka kuandika, andika kwenye karatasi pembeni.
- Tunza picha ya asili kwenye simu au kadi. Picha iliyopita WhatsApp hupungua ubora na hupoteza habari za saa na mahali zilizofichwa ndani yake.
- Andika siku hiyohiyo nani amepiga, wapi, lini, na nani mwingine alikuwepo.
- Usipige kama kupiga kunahatarisha maisha yako au ya mwingine. Hakuna kesi inayostahili maiti ya pili.

Mchoro wa mkono nao una kazi yake. Kwenye PV za polisi na parke mara nyingi huwekwa kroki, mchoro wa mahali tukio lilipotokea. Kwa mashamba yaliyofunikwa na lava, mzee anayekumbuka anaweza kukaa na kijana anayejua kuchora, wakatengeneza mchoro wa zamani: njia ilipita hapa, mlango wa fulani ulielekea huku. Jirani wa pande zote wakitia saini au alama ya dole, mchoro huo unasaidia kwa mzee, kwa shefu, na siku moja mbele ya juji.

Munigi leo

Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, kazi ya mahakama za Serikali mjini ilisimama. Mtu aliyekuwa na kesi Tripaix au kwenye mahakama kubwa alibaki na faili nusu. Waliokuwa wakimbizi katika kambi za Kanyaruchinya na kwingine walirudishwa au walirudi vijijini, wengine wakakuta nyumba haipo na shamba limelimwa na mtu mwingine. Malalamiko yameongezeka wakati ambapo milango ya kuyapeleka imepungua.

Katika hali kama hiyo, kisa cha Bukavu kina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba ushahidi unaweza kukusanywa kabla mahakama haijafunguliwa, na ukikusanywa vizuri hauozi. Kesi ya Sheka ilichukua miaka kumi, ya Kalehe sita. La pili ni kwamba kusema hadharani kuna nguvu na kuna hatari, na mtu asisukumwe kusema kwa ajili ya kamera ya mwingine. Karatasi iliyofungwa vizuri na kuwekwa kwa mtu wa kuaminika inaweza kusubiri. Sauti iliyokwisha kutoka hairudi.

Goma haikosi watu wa kushika kazi hii. Vijana wamejifunza filamu na picha kupitia Yolé!Africa, Foyer Culturel na warsha nyingine, na wanafunzi wa sheria wako mitaani mwetu wakisubiri vyuo na ofisi zitulie. Anayejua kamera na anayejua sheria wakikaa meza moja, kila mmoja anamfundisha mwenzake: huyu namna ya kuona, yule namna ya kuthibitisha.

Maswali ya wasikilizaji

*Je, sauti iliyorekodiwa kwenye radio au jukwaani ni ushahidi?* Inaweza kupelekwa mahakamani, na juji ataipima. Inakuwa na uzito zaidi kama aliyesema yuko tayari kurudia mbele yake, na kama rekodi ya asili imetunzwa bila kukatwa.

*Nisiye na pesa nampataje avoka?* Kila baro ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na mashirika ya haki za binadamu huwa na wanasheria wao. Kabla ya kwenda, andika kisa chako kwa lugha yako, kwa mpangilio wa siku, na uchukue nakala ya kila karatasi. Usimwachie mtu yeyote karatasi ya asili bila barua ya kuonyesha kwamba ameipokea.

*Kwa mambo ya shamba, nianze wapi?* Anza na majirani wa mpaka na wazee wanaokumbuka, kisha viongozi wa mtaa na wa grupema. Mkipatana, andikeni mlichopatana, mchore mpaka mpya, mtie saini mbele ya mashahidi. Mapatano yasiyoandikwa hupotea kirahisi kuliko jiwe chini ya lava.